Paka wa Ghalani na Kitana

Mwezi wa Julai, mashine za kukoboa mpunga zikiunguruma mchana kutwa mjini Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, paka wa maghalani hubadilika rangi. Mweusi huwa wa kijivu, na mwenye madoa huonekana kama aliyelala ndani ya gunia la unga. Vumbi la pumba humwingia mpaka kwenye ngozi. Jua likishuka hupanda juu ya magunia, akainua mguu mmoja wa nyuma na kuanza kazi yake ndefu ya kujilamba. Mwenye ghala akinyoosha mkono kumpangusa, paka hupotea nyuma ya magunia kabla mkono haujafika.

Vitabu vya ufugaji vinavyoandikwa Ulaya na Marekani huanza na aina za brashi: ya waya, ya mpira, ya manyoya ya nguruwe. Katika bonde la Kilombero swali la brashi linakuja mwisho kabisa. Paka wa huku hana ugomvi na brashi, maana hajawahi kuiona. Anachokikataa ni mkono, na ana sababu zake.

Paka wengi wa bonde hili wanaishi kwa ajira. Wanalindishwa mpunga, nao hulipwa kwa kubakishiwa dagaa na ukoko. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba panya hupungua kuzunguka nyumba zenye paka na mbwa kwa pamoja, na hilo halimshangazi mkulima yeyote wa Ifakara au Mlimba. Lakini ajira hiyo haina mapenzi mengi. Mkono wa binadamu humfikia paka wa ghala kwa nyakati chache: anapofukuzwa kwenye sufuria, anapokamatwa ili atiwe kwenye gunia ahamishiwe nyumba nyingine, au watoto wanapomvuta mkia. Kwa hesabu ya paka, mkono ni habari mbaya. Anayetaka kumchana hana budi kwanza kuibadilisha hesabu hiyo.

Kuna watakaouliza kama kazi yenyewe ina maana. Paka si anajisafisha? Katika nyumba za Waislamu anajulikana kuwa si najisi, na maji aliyoyanywa hayaharibiki kwa udhu. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume, jina lake lenyewe la heshima lamaanisha baba wa kipaka. Sayansi nayo inamsifu. Mwaka 2018 watafiti Alexis Noel na David Hu wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba vijimiba vya ulimi wa paka vina ncha zenye mfereji kama kijiko chembamba. Vijiko hivyo huchota mate mdomoni na kuyafikisha mpaka chini ya manyoya, kwenye ngozi. Mate hayo yakikauka humpoza, jambo la thamani sana kwa mnyama anayeishi katika joto la bondeni.

Tena paka wetu ni wa manyoya mafupi. Ushahidi wa karibu ni sokoke, paka wa asili ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ambaye Wagiriama humwita kadzonzo kwa kumfananisha na gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi huko, aliwakuta vipaka wa namna hiyo na kuwafuga, na kutoka hapo aina hiyo ikapelekwa Denmark na kuandikishwa kimataifa. Manyoya yake ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, na yale laini ya ndani ni machache mno. Kumchana kila siku mnyama wa namna hiyo kwa ajili ya urembo ni kupoteza muda. Paka wa Kiajemi wa Masaki au Oysterbay jijini Dar es Salaam ni habari nyingine: yeye asipochanwa, manyoya husokotana yakawa kama mkeka, ngozi ikavutika na kuuma.

Hata kalenda ya wageni haifai kunakiliwa. Kule mbali na ikweta paka hupukutisha manyoya kwa wingi masika yao yanapoanza, kwa kufuata urefu wa mchana. Ifakara iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka ni kama saa moja tu. Kalenda ya paka wa hapa inaandikwa na vitu vingine: tope la Machi na Aprili, mbegu za kishona nguo mvua zinapokatika, vumbi la pumba wakati wa kukoboa, na viroboto ambao hawana likizo.

Kwa hiyo faida ya kumchana paka wa Kilombero inapatikana katika kumkagua kuliko kumpamba. Kitana kinapopita mgongoni, vidole hufuata nyuma yake na kusoma. Kupe aliyejificha nyuma ya sikio. Uvimbe wa jipu chini ya ngozi, jeraha la meno ya dume mwenzake ambalo kwa nje limeziba na ndani lina usaha. Funza kwenye nyayo, yuleyule anayewasumbua watoto wanaocheza pekupeku, maana paka na mbwa humbeba pia. Kipande cha duara kisicho na manyoya, chenye magamba, ambacho mtoto anayelala na paka kitandani anaweza kukipata kichwani, kikaitwa mapunye. Mbegu ya nyasi iliyoanza kujichimbia kati ya vidole. Ulimi wa paka, pamoja na vijiko vyake vyote, haumwambii mwenye nyumba lolote kati ya hayo.

Kuwatambua viroboto ni rahisi ajabu. Mchane paka juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo. Punje nyeusi zikidondoka na kubaki nyeusi, ni uchafu wa kawaida. Zikianza kutoa wekundu kwenye unyevu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka mwenyewe iliyokwisha kusagwa. Kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana kinachouzwa kwenye maduka ya vipodozi, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko brashi nyingi za bei kubwa.

Basi kazi ina maana. Tabu ni mkono.

Paka wa nyumbani alitokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, *Felis lybica*, ambaye bado yupo porini Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha ukoo huo. Paka-mwitu huwinda peke yake na ni mdogo kiasi cha kuliwa na wengine. Kwake, kukamatwa kwa nguvu kutoka juu ni dalili ya kifo. Mbwa anatoka katika ukoo wa wanyama waishio makundi, wenye desturi ya kuvumiliana; paka hakurithi desturi hiyo. Akibanwa, hajui kwamba anabanwa kwa faida yake.

Lakini kuna mlango uliowekwa wazi kwa muda mfupi. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, aliwafuatilia vipaka walioshikwashikwa na watu katika umri mbalimbali. Alikuta kwamba kati ya wiki ya 2 na ya 7 kipaka huzoea binadamu kwa urahisi ambao haurudi tena, na kwamba walioshikwa dakika 40 kwa siku walikuwa wapole zaidi ya walioshikwa dakika 15. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walikwishasema, ila hawakutaja kwamba kwa paka ubichi huo unakwisha upesi hivyo.

Sasa tazama anakozaliwa paka wa Ifakara. Mama yake huchagua pembe yenye giza nyuma ya magunia, darini, au chini ya kihenge, na huwahamisha watoto akihisi wameonekana. Vipaka hutoka hadharani wakiwa na wiki tano au sita, tayari wamejifunza kutunisha mgongo na kufoka. Mtoto wa jirani anayekuja kuomba kipaka humpata akiwa na miezi miwili, na mlango umeshafungwa. Watu husema paka huyu ni mkali kwa asili. Mara nyingi ukali huo ni tarehe tu: hakushikwa na mtu katika wiki zile tano.

Je, aliyekwisha kupitwa na wakati aachwe? Hapana, na anayetoa mfano mzuri kuliko wote ni adui wa paka mwenyewe.

Ndani ya mkoa huohuo wa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens kwa wazo ambalo wengi walilicheka: panya anuse mabomu ya ardhini. Baadaye wakaongezwa panya wa kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa hapo mwaka 2013, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamtunuku nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu.

Kinachotuhusu hapa ni jinsi panya hao wanavyoanza shule. Somo la kwanza halina harufu yoyote ya baruti. Watoto wa panya wakiwa wachanga hubebwa mikononi, hutembezwa, husikilizishwa kelele za magari na sauti za watu, mpaka mkono wa mwalimu uwe jambo la kawaida. Kisha huja mlio mfupi wa kidude kidogo, na papo hapo chakula, ndizi iliyopondwa au karanga. Mlio, chakula, mlio, chakula. Mafunzo yote huchukua kama miezi tisa, na hakuna panya anayepigwa wala kushikwa kwa nguvu ili ajue. Mnyama ambaye mtu wa kawaida humtupia jiwe anafika mahali pa kufungwa kamba na kutembezwa kwenye uwanja wa mabomu kwa hiari yake. Basi hata paka mzima wa ghala, akifundishwa hivyo, mara nyingi ataweza kuvumilia kitana.

Msingi wa elimu hiyo, kwa kweli, ulipatikana kwa paka. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanafunzi wa saikolojia mjini New York, aliwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku vyenye komeo, akaweka samaki nje. Alipima muda waliotumia kujifungulia, akaona unapungua kila mara. Kitendo kinachofuatwa na raha hurudiwa. Kinachofuatwa na karaha huachwa. Mtu anayemkandamiza paka sakafuni na kumchana kwa dakika kumi anafundisha pia, ila somo ni kwamba kitana kikionekana, kimbia.

Nyumbani Ifakara somo lenyewe halina gharama. Dagaa wakavu wa sokoni wanatosha, wakivunjwa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Siku za kwanza kitana kinawekwa tu sakafuni karibu na sahani, bila mtu yeyote kumgusa paka. Paka atakinusa, huenda akajisugua shavu juu yake na kuacha harufu yake, na hapo kimeshakuwa mali yake. Baada ya siku kadhaa mkono unaingia, nao unaanzia anapopenda yeye. Paka wengi hupenda kuguswa mashavuni na kwenye paji, kati ya jicho na sikio; watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliopima jambo hilo mwaka 2015, walikuta kwamba sehemu iliyo karibu na shina la mkia ilileta karaha kuliko zote. Wengi wetu tunaanzia huko huko mkiani, kwa sababu paka anaondoka na ndiko mkono unakowahi.

Kisha kitana kinapita mara moja tu shavuni, kwa kufuata ulalo wa manyoya. Dagaa. Basi kwa leo. Kesho mara mbili. Asiye na kidude cha kulia anaweza kualisha ulimi kabla ya kutoa kipande, ili paka ajue ni tendo gani limelipwa. Shingo huja baada ya mashavu, mgongo baada ya shingo. Tumbo na mapaja ya nyuma huja mwisho, na kwa paka wengine hayaji kabisa. Saa nzuri ni mchana wa joto, paka akiwa ameshiba na ameanza kusinzia kwenye mkeka. Magharibi si wakati wake: ndipo kazi ya kuwinda inapoanza, na hakuna mlinzi anayependa kuchanwa nywele akiwa anaingia zamu.

Wengi huharibu hapa, siku ya nne au ya tano. Paka amevumilia, mtu anafurahi, anaongeza. Dalili za kwisha uvumilivu zipo, lakini hazina sauti: ncha ya mkia inaanza kupigapiga, masikio yanageukia pembeni, ngozi ya mgongo inatetemeka kama ya ng'ombe aliyetuliwa na mbung'o, mboni zinapanuka. Mkoromo nao usimdanganye mtu, kwani paka hukoroma hata akiwa na maumivu. Anayesubiri makucha ndiyo yawe dalili amechelewa sana. Kitana kinatakiwa kusimama wakati paka bado anakitaka, na hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni gumu kwa mwanadamu kuliko kwa paka.

Kumshika kwa ngozi ya shingo ni desturi iliyoenea, kwa hoja kwamba ndivyo mama yake alivyombeba. Mama alimbeba mtoto wa wiki mbili. Paka mzima anayening'inizwa hivyo hukakamaa kwa hofu, na watu huita hofu hiyo utulivu. Madaktari wengi wa wanyama sasa wanaiacha desturi hiyo.

Kuhusu vifaa hakuna la kuchosha. Mswaki mpya laini kwa kipaka, ambao mguso wake unakaribiana na ulimi wa mama. Kitana cha chawa kwa viroboto. Brashi laini ya nguo kwa vumbi la pumba, na kitambaa chenye unyevu baada yake. Kishona nguo kinatolewa kwa vidole, mbegu moja moja, kwa mafuta kidogo ya kula. Mkasi uwe mbali: ngozi ya paka ni nyembamba na hufuata nywele zinapovutwa, hivyo kata ya manyoya hugeuka kata ya nyama.

Kinachotakiwa kuchukuliwa kwa uzito kuliko yote haya ni dawa. Chochote kinachotua juu ya manyoya ya paka kinakwenda tumboni mwake, kwa sababu atakilamba. Dunia ilijifunza hilo vibaya katika zama za DDT. Nyumba zilipopuliziwa kuua mbu wa malaria kusini-mashariki mwa Asia, paka waliojisugua kwenye kuta walijilamba wakafa, panya wakaongezeka, na mwaka 1960 ndege ya jeshi la anga la Uingereza ikalazimika kudondosha paka kwa miavuli katika nyanda za juu za Sarawak, kisiwani Borneo.

Dawa zilizoshika nafasi ya DDT, Ifakara inazifahamu kuliko miji mingi. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza hapa, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kuuza vyandarua na dawa ya kuvitibu kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yake yalisaidia kuieneza njia hiyo nchi nzima. Kundi hilo la dawa, permethrini na ndugu zake, ndilo lililomo katika dawa nyingi za viroboto wa mbwa na za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Mbwa na binadamu huivunja dawa hiyo mwilini upesi. Ini la paka halina uwezo huo. Kinachofaa katika nyuzi za chandarua, kikimwagwa kwa nguvu ya ng'ombe mgongoni mwa paka, huleta mate, mtetemeko, degedege na kifo. Mafuta ya taa na oili chafu, ambavyo wengine huwapaka wanyama kuua viroboto na kutibu vidonda, vina madhara yake pia. Chupa isiyosema wazi kwamba ni ya paka isimguse paka. Anayekosa dawa sahihi ana kitana, na bakuli la maji ya sabuni la kuzamishia viroboto aliowanasa.

Na mtu akikwaruzwa au kung'atwa? Ajue kwamba kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania zilizoingia kwenye mpango wa kuonyesha kwamba ugonjwa huo unaweza kutokomezwa kwa chanjo, ukisimamiwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Paka naye apelekwe kwenye chanjo ya mwaka ya mbwa. Hapo mazoezi ya kitana yanalipa kwa namna ambayo wengi hawaifikirii: paka aliyezoea mkono hufika kwenye chanjo ndani ya kikapu, akachomwa sindano na kurudi. Asiyezoea hubaki darini, na hukosa chanjo mwaka baada ya mwaka.

Lipo tatizo lisilotatuliwa na dagaa. Paka mzee anayeacha kujilamba, au kijana aliyekuwa mpole akawa anauma akiguswa sehemu moja, hana ukaidi, ana maumivu. Maofisa mifugo wa bondeni wanajua ng'ombe zaidi, kwa sababu ng'ombe ndio wanaoletwa kwao, na hospitali ya wanyama ya SUA iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Si kila mwenye paka atafunga safari hiyo. Lakini ofisa wa karibu akiambiwa hasa ni wapi panauma na tangu lini, ana pa kuanzia, na anayeweza kumwambia hayo ni yule tu aliyekuwa akimpitisha paka kitana kila wiki.

Wapo pia watakaokataa mpaka mwisho: paka waliokua bila mtu, wanaokuja usiku kula panya na kuondoka. Hao waachwe na ulimi wao. Wanatosheka nao.

Kwa mwenye ghala anayesikia vilio vidogo nyuma ya magunia mwezi huu, hesabu ni tofauti. Mama yao apewe dagaa mahali pamoja, saa ileile, mpaka azoee kuonekana. Kisha watoto washikwe kila siku, mmoja mmoja, kwa mikono ya watu wawili au watatu tofauti, na mswaki laini upite mashavuni mwao. Wiki ya saba ikiisha, kila kipaka atakayetoka nyuma ya magunia hayo atakwenda kwa jirani akiwa amekwisha kuujua mkono.